Ufadhili wa uzamivu kwa wanawake: maswali yanayorudi kila msimu wa maombi

Kila dirisha la maombi likifunguliwa maswali ni yale yale, na kila likifungwa hakosekani anayesema, "Laiti ningekiona kile kifungu mapema." Majibu haya nimeyaandika nikiwa mtu aliyeomba, akanyimwa, akaomba tena akapata, kisha akakaa miaka kadhaa kwenye kamati za kusoma maombi ya wengine. Penye majibu marefu ndipo watu wanapoumia zaidi.

Hivi kweli kuna ufadhili wa uzamivu uliotengwa kwa wanawake tu?

Upo, na mwingine una umri mkubwa kuliko vyuo vingi tunavyoviomba. AAUW, chama cha wanawake wasomi cha Marekani, kina ufadhili unaohesabiwa tangu mwaka 1888, na mwaka 1917 kiliwafungulia mlango wanawake wa mataifa mengine. Zonta International, shirika la kimataifa la wanawake, ilianzisha Amelia Earhart Fellowship mwaka 1938, mwaka mmoja tu baada ya rubani huyo, aliyekuwa mwanachama wao, kupotea na ndege yake juu ya Pasifiki. Hadi leo huwasaidia wanawake wa uraia wowote wanaosoma uzamivu wa uhandisi wa vyombo vya anga na sayansi ya anga za juu, na tuzo yake imekuwa dola 10,000 kwa kila mshindi. Faculty for the Future ya Schlumberger Foundation ilianza mwaka 2004. Hii inawalenga wanawake wa nchi zinazoendelea wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati katika vyuo vikuu vya nje, na kiwango chake kwa uzamivu kimekuwa hadi dola 50,000 kwa mwaka, kulingana na gharama halisi za mwombaji. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, lenye makao yake Trieste, Italia, na lililo chini ya UNESCO, limekuwa likiwapeleka wanasayansi wanawake kutoka nchi zilizo nyuma kisayansi kusomea katika nchi nyingine zinazoendelea. Wapo pia L'Oréal na UNESCO, ambao mpango wao wa wanawake katika sayansi ulianza mwaka 1998 na una tuzo za kikanda kwa wanasayansi chipukizi, wakiwemo walio katikati ya uzamivu. Viwango na madirisha hubadilika, kwa hiyo tangazo la mwaka wako ndilo la kuaminiwa, hata kama ukurasa wa miaka mitano iliyopita unavutia zaidi.

Sasa upande wa pili. Mifuko hii ni michache na foleni zake ni ndefu. Wanawake wengi ninaowafahamu waliosomeshwa uzamivu hawakusomeshwa na mfuko wenye neno "wanawake" kwenye jina. Na utashangaa kukuta mfuko usio na neno hilo una kifungu kizuri cha likizo ya uzazi, huku wenye neno hilo ukiwa kimya kabisa. Soma vifungu kwanza, jina baadaye.

Kama mifuko hiyo ni michache, pesa nyingi zipo wapi?

Zipo kwenye miradi ya utafiti ya wasimamizi, na kwenye ajira. Watu wengi hawazipati kwa sababu wanatafuta tangazo la "ufadhili" wakati nchi husika inatangaza kazi. Sweden, Norway, Denmark na Uholanzi, mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo: ana mkataba, mshahara, likizo na michango ya pensheni, na tangazo la nafasi yake huwekwa kwenye orodha ya nafasi za kazi. Sweden masomo ya uzamivu hayana ada hata kwa raia wa kigeni. Marekani njia ya kawaida ni kuwa msaidizi wa kufundisha au wa utafiti: ada inafutwa, posho inalipwa kila mwezi, nawe unafundisha semina za shahada ya kwanza au unafanya kazi za maabara ya msimamizi.

Ulaya kuna pia mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya, inayopokea watu wa uraia wowote kwa mkataba wa ajira. Ina sharti moja linalowatoa wengi: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya chuo kinachokuajiri kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Dada mmoja aliyeniuliza alikuwa ameshamfuata mumewe na kukaa naye nchini humo miezi 14. Kwa nafasi aliyoitaka hakuwa na sifa tena. Lakini mtandao mmoja huwa na nafasi katika nchi kadhaa, akaomba nyingine ya mradi ule ule, nchi ya jirani, safari ya treni ya saa tatu.

"Ufadhili kamili" maana yake nini hasa?

Maana yake ni chochote ambacho mwandishi wa tangazo alikuwa nacho kichwani. Chukua kalamu, andika gharama zote za uzamivu wako tangu siku ya kuomba hadi siku ya kufunga tasnifu jalada, kisha weka alama mbele ya zile ambazo barua ya ufadhili inazitaja kwa jina. Ada na posho ya kujikimu huwa zimetajwa. Bima ya afya, tiketi na visa hutajwa mara nyingi. Vinavyosahaulika ni ada za maabara, gharama za uwandani, tafsiri na uthibitishaji wa vyeti, ada za jarida la kuchapisha makala, na ule mwaka wa ziada ambao karibu kila mtu anauhitaji lakini hakuna anayeuweka kwenye bajeti.

Kisha uliza kitu ambacho mimi sikuuliza: posho ya kwanza inaingia lini? Niliwasili nikiwa na barua nzuri yenye mhuri, na pesa za kula siku kumi. Kumbe ili nifungue akaunti ya benki nilihitaji anwani, ili nipate anwani mwenye nyumba alitaka amana na kodi ya mwezi wa kwanza, na posho haiwezi kulipwa bila akaunti. Ofisi ilikuwa inaendesha malipo mara moja kwa mwezi na mimi nilifika siku mbili baada ya orodha kufungwa. Posho yangu ya kwanza ilikuja wiki ya saba. Nilikopeshwa na mwanafunzi mwenzangu niliyemfahamu kwa siku nne. Tangu hapo kila ninayemshauri namwambia aombe kwa maandishi malipo ya awali ya kuanzia maisha, na vyuo vingi vinayo kwa wanaouliza.

Nina watoto. Kuna mfadhili atakayelipia malezi?

Wapo, ila hawalipi kwa namna moja, na hapa ndipo kusoma vifungu kunapolipa kuliko popote.

Wengine hutoa posho ya familia juu ya posho yako. Mikataba ya Marie Skłodowska-Curie ina posho hiyo kwa mwenye majukumu ya familia. Commonwealth Scholarship ya Uingereza haimlipii mwenzi wako, lakini hutoa posho ya watoto kwa msomi ambaye ni mjane, ametalikiwa au analea peke yake, mradi watoto wanaishi naye huko. Kwa hiyo wanawake wawili wanaweza kusaini barua zinazofanana neno kwa neno na mmoja akalipwa zaidi kwa sababu ya hali yake ya ndoa. Ijue hali yako inakuweka wapi kabla hujapiga hesabu za kodi ya nyumba ya vyumba viwili.

Wengine hununua muda. Christiane Nüsslein-Volhard, mwanabiolojia wa Ujerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, alianzisha mwaka 2004 mfuko wa wanasayansi wanawake wenye watoto walio Ujerumani. Pesa zake ni za kumlipa mtu asaidie kazi za nyumbani na malezi. Si za ada wala si za kula, hizo wanatakiwa wawe nazo kutoka kwingine. Nikiusoma mfuko huu najua umeanzishwa na mtu wa maabara. Saa 11 jioni jaribio halijaisha, huwezi kulizima kama taa, na mtoto ameshavaa begi lake mgongoni anasubiri kuchukuliwa. Pesa zinakwenda hapo hapo.

Walio wengi zaidi hawasemi lolote kuhusu watoto. Kimya hicho usikichukulie kuwa katazo. Nimeona bajeti nyingi ambazo mwombaji aliogopa kuandika malezi, akalipa mfukoni hadi akakwama uwandani. Nimeona pia zilizoandika na kukubaliwa, na tofauti ilikuwa namna ya kuandika. Ukiandika "Gharama za mtoto" na tarakimu mbele yake, mhasibu atazifuta. Mwombaji mmoja aliandika hivi: "Mlezi wa mtoto wa miezi 14, siku 30, saa nane kwa siku. Vituo vya kukusanyia sampuli haviruhusu watoto, na sampuli lazima zichukuliwe alfajiri kabla ya joto kupanda." Hakuna aliyemuuliza swali. Mstari wake ulisomeka kama mstari wa kukodi gari la uwandani, yaani gharama ambayo bila hiyo data hazipatikani.

Angalia na visa. Mfadhili akikubali watoto, nchi inaweza isiwakubali. Uingereza, kwa mfano, tangu Januari 2024 imewazuia wanafunzi wengi wa kigeni kwenda na familia, lakini wale wa shahada za utafiti kama uzamivu wanaendelea kuruhusiwa. Ada za visa za mume na watoto, pamoja na bima zao, kwa kawaida ni juu yako.

Nikipata ujauzito katikati ya masomo itakuwaje?

Inategemea kama karatasi inakutambua kuwa mwajiriwa au mwanafunzi. Mwajiriwa hulindwa na sheria ya kazi ya nchi. Mwanafunzi wa posho hulindwa na kifungu cha mfadhili wake, kama kipo. Mfano mzuri ni wanafunzi wanaolipiwa na UKRI, taasisi ya serikali ya Uingereza inayogharamia utafiti: wana haki ya likizo ya uzazi hadi wiki 52, na wiki 26 za mwanzo posho huendelea kamili.

Mahali penye mtego ni neno "nyongeza". Mfadhili akikwambia "tutakuongezea muda," uliza mara moja: muda wenye pesa au muda mtupu? Kuongezewa miezi sita bila posho ni kupewa ruhusa ya kumaliza tasnifu kwa njaa. Uliza pia kama bima inalipia kujifungua tangu siku ya kwanza au kuna kipindi cha kusubiri, na kama visa yako inavumilia kusimamisha masomo, maana kuna nchi ambako ukisimamisha usajili unatakiwa kuondoka.

Wengi huniuliza kama wataje ujauzito kwenye maombi. Sioni sababu. Kamati inapima andiko la utafiti na mtu atakayelitekeleza, haina kazi na tumbo lako. Ukishapata barua ya ufadhili na kuisaini, ndipo uzungumze na ofisi kuhusu tarehe ya kuanza. Wengi hukubali kuisogeza.

Nina miaka 41. Nimechelewa?

Kwa mifuko mingine ndiyo, kwa mingine hata hujachelewa kuingia foleni. Margaret McNamara Education Grants, inayowasaidia wanawake wa nchi zinazoendelea, ina kikomo cha chini: lazima uwe umetimiza miaka 25. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti barani Afrika unaofadhili uzamivu wa afya ya jamii, umekuwa ukiwawekea wanaume ukomo wa miaka 40 na wanawake miaka 45. Mtu alikaa akafikiri miaka hiyo mitano inakwenda wapi, na nampongeza.

Kikwazo halisi kwa wengi wetu ni miaka tangu shahada ya mwisho kuliko umri wenyewe. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, kwa mfano, huangalia kwamba shahada yako ya mwisho haijapita miaka 6. Hapo ndipo mwanamke aliyemaliza uzamili, akalea watoto wawili na kumuuguza mzazi, anajikuta nje bila kosa. Usijitoe mwenyewe. Soma kama kuna kifungu cha mapumziko ya kikazi, na kama hakipo, andika uulize. Hoja yako si ngeni: Baraza la Utafiti la Ulaya, ERC, huwaongezea akina mama miezi 18 kwa kila mtoto katika kuhesabu muda wa sifa. Hizo ni ruzuku za waliokwisha kupata uzamivu, lakini ni mfano mzuri wa kumtajia afisa anayesita.

Kwenye wasifu wako, pengo liandike kwa mstari mmoja mkavu: "2017–2020: malezi ya watoto wadogo, muda wote." Usiombe msamaha. Pengo lililoachwa tupu linamfanya msomaji abuni sababu yake mwenyewe.

Nianze na udahili, msimamizi au pesa?

Msimamizi, karibu kila mara. Mifuko mingi inataka barua kutoka chuo kinachokupokea, na chuo hakitoi barua hiyo mpaka kuwe na mhadhiri aliyekubali kukusimamia. Zaidi ya hapo, msimamizi mwenye mradi anaweza kuwa ndiye mfadhili wako.

Barua ya kwanza iwe fupi kiasi cha kusomeka kwenye simu bila kusogeza kidole mara tatu. Mwanafunzi wangu mmoja alianza hivi: "Profesa, nimesoma makala yenu kuhusu usugu wa dawa kwenye maji taka. Mnasema sampuli za msimu wa mvua zilitoa majibu yanayopingana. Nina data za misimu minne kutoka kwenye uzamili wangu, na nadhani tofauti inatokana na kina cha kuchukulia sampuli. Je, mna nafasi ya mwanafunzi wa uzamivu mwaka ujao, au mngekuwa tayari kuniunga mkono nikiomba ufadhili wa nje?" Akaambatanisha wasifu na ukurasa mmoja wa wazo. Alijibiwa siku ya tatu. Barua yake ya zamani, iliyoanza na "Natumaini hujambo na familia yako, mimi ni mwanafunzi mwenye ari kubwa," alikuwa ameituma kwa watu ishirini na tatu na hakujibiwa na yeyote.

Kamati inatafuta nini kwenye andiko la utafiti?

Swali linaloweza kujibika kwa miaka mitatu au minne na kwa pesa ulizoomba. Ubora wa lugha unakuja baadaye sana. Andiko linaloanza kwa "Tangu zamani wanadamu wamekuwa wakikabiliwa na…" linanifanya niangalie saa. Lile linaloanza kwa kusema nini hakijulikani, nani anaumia kwa kutojulikana huko, na utakwenda kupima nini, hilo nalisoma hadi mwisho.

Nieleze shida nilizopitia kwenye barua ya maombi?

Hili lina utata, na wenzangu wengine hawakubaliani nami. Kuna mifuko inayouliza wazi kuhusu mahitaji ya kifedha na mchango wako kwa wanawake wengine. Margaret McNamara na Faculty for the Future zinataka kujua utarudisha nini kwenu. Hapo eleza, tena kwa mambo yanayoonekana: wasichana wangapi uliowafundisha hisabati, maabara gani uliyoisimamisha ikiwa na vifaa vibovu. Mifuko isiyouliza, shida ipe sentensi mbili na uifunge na kazi iliyofanyika licha yake. Nimesoma barua zilizonitoa machozi nikashindwa kuzipa alama, kwa sababu nilipofika mwisho sikujua mwombaji anataka kutafiti nini.

Barua za mapendekezo nimwachie profesa aandike anavyojua?

Aandike yeye, lakini usimwache mikono mitupu. Mpe ukurasa mmoja wenye mambo matano uliyofanya mbele ya macho yake, na umpe wiki sita.

Kuna sababu ya kusisitiza. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za kuwapendekeza madaktari kwa nafasi za ualimu katika chuo kimoja cha tiba Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi, na zilisifu bidii mahali ambapo za wanaume zilisifu utafiti na uwezo. Nimekutana na hali hiyo hiyo mezani kwangu: "Ni mchapakazi, mpole, anashirikiana vizuri na wenzake." Hayo ni maneno ya kumsifu jirani. Mkumbushe profesa kwamba wewe ndiye uliyegundua kosa kwenye mfumo wa kuhesabu, na taja mwezi.

Naweza kuchukua ufadhili wa sehemu mbili?

Mara nyingi ndiyo, kama mmoja analipa ada na mwingine analipa kingine. Sema ukweli kwa wote wawili. Wanaoficha hugunduliwa na mhasibu, naye hana huruma.

Nimeajiriwa na sitaki kupoteza kazi. Kuna njia?

Angalia mpango wa kugawa muda, wengine wanauita sandwichi: unasajiliwa chuo cha nyumbani, unakwenda nje kwa vipindi kutumia maabara au kusimamiwa, kisha unarudi. OWSD imekuwa na mpango wa namna hii sambamba na ule wa muda wote, na kwa mwenye watoto wa shule ndio unaoniingia akilini zaidi. Ila hakikisha mwajiri anaandika ruhusa yako, kiasi cha mshahara utakachoendelea kupata, na miaka utakayotakiwa kumtumikia ukirudi. Soma hasa kipengele cha kurejesha gharama ukishindwa kumaliza. Wengine huwabebesha hata walioacha kwa ugonjwa.

Mimi ni mtu wa fasihi, historia au sosholojia. Mbona kila mfuko ni wa sayansi?

Si kila mmoja, ingawa manung'uniko yako ni ya haki. AAUW na Margaret McNamara hawafungi fani, na P.E.O., shirika la wanawake la Marekani, ina mfuko wa tangu 1949 kwa wanawake wa mataifa mengine wanaosoma shahada za juu Marekani na Kanada. Wenye fani zetu hufanikiwa zaidi wakiingia kwenye mradi mkubwa wa afya au mazingira unaohitaji mtu wa kuhoji watu na kusoma nyaraka.

Nimeombwa ada ili maombi yangu "yashughulikiwe haraka". Nilipe?

Usilipe. Chuo kinaweza kutoza ada ya maombi ya udahili, na ukiomba kusamehewa wengi husamehe. Mfadhili wa kweli kwa kawaida hakutozi ili akupe pesa, wala hakupigii kwa namba binafsi usiku akitaka picha ya kadi ya benki.

Msimamizi ananisumbua kimapenzi, na posho yangu inatoka kwenye mradi wake. Nifanye nini?

Swali hili huja kwa ujumbe wa faragha, na huja mara nyingi kuliko lolote hapa. Andika kila tukio siku ile ile: tarehe, mahali, maneno aliyotumia, nani alikuwepo. Hifadhi jumbe nje ya barua pepe ya chuo. Mtafute mtu ambaye hayuko chini yake, kama mratibu wa masomo ya uzamivu, ofisi ya malalamiko au afisa wa mfadhili, na swali lako la kwanza kwao liwe la pesa: "Nikibadilisha msimamizi, posho yangu inaendelea kwa chanzo gani?" Vyuo vingine vina pesa za mpito kwa hali hii hasa. Hofu ya kukatiwa posho ndiyo inayowafunga watu mdomo, kwa hiyo ifunguliwe kwanza.

Kwa ambaye hajaanza: uliza mapema kama ufadhili ni wako au ni wa mradi. Ukiwa wako, unaweza kuhama nao. Kisha watafute wanafunzi wawili wa zamani wa profesa huyo, mmoja awe mwanamke, uzungumze nao kwa sauti. Watu hawaandiki mambo haya kwenye barua pepe.

Pesa zimeisha na tasnifu haijaisha. Kuna wa kunisaidia?

Wapo wachache, na wengi hawawajui kwa sababu hawakuwa na haja nao mwanzoni. Uingereza kuna Funds for Women Graduates, ambao husaidia gharama za maisha kwa wanawake walio mwaka wa mwisho wa uzamivu, na wana ruzuku za dharura kwa aliyepatwa na jambo lisilotarajiwa. AAUW ina ufadhili wa kuandika tasnifu kwa wanawake wa Marekani wanaokaribia kumaliza. Angalia sana hatua inayotakiwa: P.E.O., katika mfuko wake wa wanawake wa kigeni, haipokei mwombaji mpya aliyemaliza kozi zote na kubakiwa na tasnifu tu. Mfuko mmoja unakukataa kwa kukaribia mwisho, mwingine unakupokea kwa sababu hiyo hiyo.

Kitakachokupatia pesa za mwisho ni barua ya msimamizi yenye tarehe ya kuwasilisha. Nilikaa kwenye kamati moja ya ruzuku ndogo za kumalizia, maombi arobaini mezani, mchana mmoja. Tuliyoyapitisha haraka yalisema: sura ya 1 hadi 4 zimekubaliwa, ya 5 iko kwa msimamizi, ya 6 inahitaji wiki kumi, tunakusudia kuwasilisha tarehe fulani. Yaliyosema "nimebakiza kidogo" tuliyaweka pembeni kwa ajili ya baadaye, na baadaye pesa zikawa zimekwisha.

Nimekataliwa. Niwaandikie kuuliza sababu?

Andika, baada ya siku chache, mistari mitatu, bila kubishana. Wengine hawatajibu. Mimi nilijibiwa sentensi moja: "Mbinu haziwezi kujibu swali lililoulizwa." Nilikasirika wiki nzima, kisha nikalisoma andiko langu kama la mtu mwingine, nikaona nilitaka kupima mabadiliko ya miaka kumi kwa dodoso la mara moja. Nilibadilisha swali, nikaacha mbinu kama zilivyo, nikatuma tena kwa mfuko ule ule mwaka uliofuata.